Nafsi, Akili na Moyo: Uhakiki wa Madhehebu ya Saikolojia Machoni pa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu aliyepitia chuo cha ualimu amekutana na somo liitwalo saikolojia ya elimu. Mara nyingi amekutana nalo katika kijitabu chembamba cha kukariri, ambamo majina yamepangwa kama vituo vya reli: Wundt, James, Freud, Pavlov, Watson, Skinner, Köhler, Piaget, Vygotsky, Rogers. Kila jina limepewa mwaka wake, mnyama wake wa majaribio, na sentensi moja ya kukumbuka siku ya mtihani. Mtihani ukiisha, majina husahauliwa, na mwalimu huingia darasani na elimu ile ile ya nafsi aliyoirithi kwa wale waliomlea yeye.

Makala haya yana nia ya kuhakiki usimulizi huo. Hatuna ugomvi na wataalamu wenyewe; walifanya kazi kubwa, na baadhi yao tunawategemea kila siku bila kujua. Ugomvi wetu ni juu ya namna habari zao zinavyofikishwa kwa walimu, na hasa kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili huku mashariki ya Uganda, kutoka Jinja na kilima cha Wanyange hadi Mbale. Twadai mambo mawili. Kwanza, kila dhehebu la saikolojia lina lugha yake, na lugha hiyo humgawa mtu kwa namna yake. Pili, sehemu muhimu ya elimu hii ilitafutwa hapa hapa petu, kwa watoto na wazazi wa Uganda, nayo ndiyo sehemu ambayo kijitabu huiruka.

Jambo hili si pambo. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kadiri azimio hilo linavyotekelezwa, ndivyo walimu wa Kiswahili watakavyokuwa mahakimu wa watoto wengi zaidi, tena watoto ambao Kiswahili si lugha ya mama zao. Hukumu hiyo huitoa kwa maneno: mzito, mwepesi, mtundu, hana akili. Yafaa tujue maneno hayo yametoka wapi.

Nafsi yaingia maabara

Kabla ya mwaka 1879 mambo ya nafsi yalikuwa mikononi mwa wanafalsafa, waganga na viongozi wa dini. Mwaka huo Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani, na tangu hapo saikolojia ikahesabiwa kuwa sayansi ya majaribio. Wundt aliwazoeza watu kujichunguza wenyewe na kueleza wanachokihisi wanapoona taa au wanaposikia mlio. Mwanafunzi wake Titchener aliupeleka mtindo huo Marekani, akatafuta vipande vidogo kabisa vinavyounda fahamu, kama mkemia atafutavyo elementi.

Kosa la dhehebu hili ni rahisi kuliona. Anayeweza kuulizwa ni yule tu aliyezoezwa kujieleza. Mtoto mchanga, mgonjwa na asiyejua lugha ya maabara wote wako nje ya mlango. Lakini kijitabu chetu kinamdhulumu Wundt kwa kunyamazia nusu ya kazi yake. Kati ya mwaka 1900 na 1920 aliandika majuzuu kumi juu ya lugha, visasili na mila za watu, kwa kuwa aliamini kwamba fikra za juu haziwezi kupimwa kwa taa na saa. Yaani mtu huyu tunayeambiwa ni baba wa maabara alijua kwamba maabara haitoshi. Laiti wafuasi wake wangalishika juzuu hizo kama walivyoshika saa yake, historia yote ingalikwenda njia nyingine.

William James wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1890, aligeuza swali. Hakuuliza fahamu imeundwa na nini, bali yafanya kazi gani. Aliifananisha na mkondo wa maji usiokatika. Sisi tunaokaa kando ya Nile hatuhitaji maelezo marefu juu ya mfano huo: ukichota ndoo moja mtoni, ulichochota ni maji, si mto.

Naye Sigmund Freud, kwa kitabu chake juu ya ndoto kilichotolewa kwa tarehe ya mwaka 1900, alisema kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika hata kwa mwenyewe. Ulaya ilishtuka. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushtuka sana, maana lugha yake imekwisha kumzoeza kusema kwamba ndani ya mtu mmoja wapo wasemaji kadha. Tunasema moyo wangu umekataa, nafsi yamtuma, roho yanisuta, akili zimemruka. Hata hivyo tusifanye haraka kudai kwamba wazee wetu walimtangulia Freud. Kusema kwamba moyo umekataa si sawa na kueleza kwa nini umekataa. Freud alijaribu kueleza, na maelezo yake aliyajenga juu ya wagonjwa wachache wa mji wa Vienna, kisha akayatandaza juu ya wanadamu wote. Tabia hii ya kutandaza tutaiona tena.

Kiboko hiki na kiboko huyu

Hakuna dhehebu lililotawala madarasa ya Afrika Mashariki kuliko lile la tabia. Chanzo chake ni Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa uyeyushaji wa chakula tumboni, wala si kwa saikolojia. Mbwa wake walijifunza kudondokwa na mate kwa ishara tupu iliyotangulia chakula. Wahenga wetu wanasema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hilo ndilo jambo lenyewe, ila Pavlov alilipima kwa matone.

Mwaka 1913 John B. Watson alitangaza kwamba saikolojia iachane kabisa na habari za nafsi, ishughulike na tabia inayoonekana. Mwaka 1920 yeye na msaidizi wake Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kupiga chuma kwa kishindo kila panya alipoletwa. Mtoto akaogopa, jaribio likafaulu, na hofu ile hawakumwondolea. Kijitabu husimulia jaribio hili kama ushindi. Sisi twaona lingesomwa pia kama onyo kwa mwalimu: ni rahisi mno kumwekea mtoto hofu, na ukiisha kumwekea, wewe huenda zako.

B. F. Skinner alifuata, akaonyesha kwamba kitendo kinachofuatwa na thawabu hurudiwa. Hapa yapo mambo mawili ya kusahihisha. La kwanza ni juu ya adhabu. Walimu wengi hutetea fimbo kwa madai kwamba hiyo ndiyo saikolojia ya kichocheo na mwitiko. La hasha. Skinner mwenyewe aliipinga adhabu. Alisema huzima tendo kwa muda na kuacha chuki na woga nyuma yake. Katika Uganda sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Basi anayechapa leo hana hoja ya sayansi wala ya sheria.

La pili latuhusu sisi walimu wa lugha. Mwaka 1957 Skinner alitoa kitabu kilichodai kwamba hata lugha ni mazoea yanayojengwa kwa thawabu. Mwaka 1959 Noam Chomsky alikihakiki kwa ukali mkubwa, na uhakiki huo ukawa miongoni mwa vyanzo vya dhehebu jipya, lile linalochunguza kazi za akili. Hoja yake moja twaweza kuithibitisha kwa Kiswahili chetu wenyewe. Mwanafunzi amefundishwa kiti hiki, kitabu hiki, kisu hiki. Siku moja anaandika: kiboko hiki kimetoka mtoni. Nani alimfundisha sentensi hiyo? Hakuna. Nani alimpa thawabu kwa kuisema? Hakuna. Aliitunga mwenyewe kwa kanuni aliyoitoa katika mifano. Kosa lake, kama tulisahihishavyo, ni kwamba mnyama huyu huingia katika ngeli ya watu na wanyama, kwa hiyo kiboko huyu ametoka mtoni. Angalisema juu ya kile kiboko cha kuchapia watoto, sentensi yake ingalikuwa na upatanisho sahihi.

Mwalimu aliyelelewa katika dhehebu la tabia ataona hapo zoea baya linalopaswa kung'olewa. Mwalimu aliyemwelewa Chomsky ataona ushahidi kwamba kichwani mwa mtoto kanuni zimeanza kujengwa. Alama nyekundu ni ile ile, lakini maneno yanayoifuata hayawezi kuwa yale yale. Hii ndiyo maana twasema kwamba madhehebu haya si habari za mtihani tu.

Hata hivyo tusimtupe Skinner jalalani. Mazoezi ya kurudiarudia yana mahali pake. Hakuna aliyepata kuzoea viambishi vya nafsi na vya njeo kwa kufikiri peke yake. Ubaya huanza pale mazoezi yanapokuwa ndiyo somo zima, na mtoto akafanywa kasuku.

Maji ndani ya bilauri

Jean Piaget alipokuwa Paris akishughulikia mitihani ya kupima akili, alivutwa na majibu ya makosa kuliko majibu sahihi. Aliona kwamba makosa ya watoto wa umri mmoja yanafanana, akahitimisha kwamba mtoto hafikiri pungufu ya mtu mzima, bali hufikiri kwa namna nyingine, na namna hizo hufuatana kwa hatua. Jaribio lake mashuhuri ni la maji yanayomiminwa kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba: mtoto mdogo husema maji yameongezeka.

Habari njema, ambayo vijitabu haviitaji, ni kwamba nadharia hii ilipimwa kwa majirani zetu. Barnabas Otaala, msomi wa Uganda, aliichunguza kwa watoto wa shule za msingi wa Kiteso, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1973. Mwalimu wa Mbale anayefundisha watoto wa Kiteso ana haki ya kujua kwamba wenzake hao wamo katika historia ya elimu hii.

Kwa upande wetu tungependa kuongeza hoja ya lugha. Jaribio la Piaget linategemea neno moja: zaidi, au mengi. Tukimwuliza mtoto, maji yapi ni mengi, naye akatazama urefu wa maji katika chombo, je, ameshindwa kufikiri, au amelielewa neno kwa njia yake? Fauka ya hayo, mtoto huulizwa swali lile lile mara mbili, kabla ya kumimina na baada yake. Katika malezi yetu mkubwa akirudia swali ambalo umekwisha kulijibu, maana yake ni kwamba jibu la kwanza halikumridhisha. Mtoto mwenye adabu atalibadili. Wahakiki wa Ulaya nao waliigusa hoja hii katika miaka ya 1970. Sisi twaijua kutoka nyumbani.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37, aliiweka lugha katikati ya mambo yote. Kwake fikra huanza baina ya watu kabla ya kuingia ndani ya mtu, na kinachofaa kupimwa si kile tu mtoto awezacho peke yake, bali pia kile awezacho akisaidiwa na anayemzidi kidogo. Nyumba nyingi za Busoga, ambamo dada mwenye miaka tisa humfundisha ndugu yake wa miaka minne kuchota maji na kuhesabu vikombe, zamwelewa Vygotsky bila kijitabu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanzishwa Uganda mwaka 2020, unaotaka mwanafunzi ajenge maarifa kwa kutenda na kushirikiana, umesimama juu ya mabega ya watu hawa wawili.

Lakini hata dhehebu hili lina doa. Luria, mwenzake Vygotsky, alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, akawauliza wakulima mafumbo ya mantiki juu ya nchi wasizopata kuziona. Wengi walikataa kujibu. Walisema wao husema juu ya mambo waliyoyaona. Watafiti wakaandika kwamba hawajafikia fikra za dhahania. Yawezekana. Lakini mzee wa kijiji chochote kati ya Iganga na Tororo angalijibu hivyo hivyo, na sababu yake ingalikuwa ya heshima: shahidi asiyeona hasemi. Kukataa kushuhudia usilolijua ni tendo la akili, hata kama halina nafasi katika karatasi ya majibu.

Uganda na Kenya kama uwanja wa majaribio

Sasa tufike kwenye sehemu iliyorukwa. Huko Nairobi, katika hospitali ya Mathari, alikuwapo daktari J. C. Carothers aliyeiongoza tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Alidai humo kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, ambamo madai ya ardhi na uhuru yaligeuzwa kuwa ugonjwa wa nafsi. Frantz Fanon alimjibu katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961.

Twamtaja Carothers si kwa kufukua makaburi. Twamtaja kwa sababu kosa lake ni kosa la kimbinu linaloweza kufanywa na yeyote, hata mwalimu mwema. Aliwaona wagonjwa wa hospitali moja na wafungwa wa vita, akaandika juu ya bara zima. Tena hakuuliza watu hao wanaita nini yale anayoyaona. Kutandaza bila kuuliza: hiyo ndiyo dhambi yake kubwa baada ya ubaguzi wenyewe.

Miaka hiyo hiyo, Kampala ilipokea wageni wa namna nyingine. Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga katika miaka ya 1950, akaona kwamba katika mwaka wa kwanza walitangulia wale wa Ulaya katika kukaa na kutembea. Wengi walikimbilia maelezo ya damu na asili. Ilimchukua Charles Super, aliyefanya kazi kwa Wakipsigis wa Kenya na kutoa matokeo yake mwaka 1976, kuonyesha jambo ambalo bibi yeyote angalilisema: akina mama huwafundisha watoto kukaa na kutembea, kwa makusudi, na lugha yao ina maneno maalumu ya mafunzo hayo. Katika yale yasiyofundishwa, kama kutambaa, watoto hawakutangulia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mkubwa kuliko hao wote kwa athari ni Mary Ainsworth. Alifika Uganda mwaka 1954, akazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala kwa miezi mingi, takribani kila majuma mawili, akaketi sebuleni na kutazama jinsi watoto 28 wachanga walivyohusiana na mama zao. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa kituo: hutoka kuuchunguza ulimwengu, kisha hurudi. Aliwagawa katika makundi matatu: 16 waliotulia katika uhusiano huo, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao uhusiano ulikuwa haujajengeka. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Baadaye aliendeleza kazi hiyo Baltimore, Marekani, kwa jaribio la chumba kigeni ambalo leo hutumiwa ulimwenguni kote.

Mbinu ya Ainsworth twaisifu bila kusita: alikwenda nyumbani kwa watu, akakaa, akasikiliza, akakiri kwamba unyeti wa mama kwa ishara za mtoto ndio unaotofautisha watoto, wala si kabila. Lakini uhakiki hauishii hapo. Mazungumzo yake na akina mama yalipita kwa mkalimani, kutoka Kiganda kwenda Kiingereza. Nadharia iliyotokana nayo ikasafiri Baltimore, ikapata umbo la chumba chenye mama mmoja, mtoto mmoja na mgeni mmoja, kisha ikarudi kwetu katika vijitabu ikiwa imevaa koti la Kimarekani. Bibi, shangazi na dada wakubwa waliomo vijijini mle, ambao humbeba mtoto mchana kutwa, walibaki pembeni mwa chumba hicho. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mwalimu anayesoma habari za uhusiano wa mama na mtoto bila kujua kwamba zilianzia Buganda atazidhania kuwa za wageni, na hivyo atashindwa hata kuzikosoa.

Akili ya nani?

Neno ambalo mwalimu hulitumia zaidi ni akili, nalo ndilo lisilochunguzwa kabisa. Mallory Wober, aliyefanya kazi Makerere, alitoa mwaka 1974 utafiti juu ya maana ya obugezi kwa Waganda. Wanakijiji waliuhusisha obugezi na utaratibu, uangalifu na kutofanya haraka. Waliokuwa wamezama zaidi katika maisha ya kizungu waliuhusisha zaidi na wepesi. Aliona pia kwamba Waganda waliuona kama kitu kigumu chenye mpango, ilhali Watoro waliuona kama kitu laini na kitiifu. Watu wa nchi moja, wenye lugha za ukoo mmoja, walitofautiana kiasi hicho.

Huko magharibi ya Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2001 kwamba Wajaluo wana maneno manne pale ambapo mtihani una moja: rieko kwa maarifa na ustadi, luoro kwa heshima, paro kwa kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo kwa kuelewa hali ilivyo.

Je, Kiswahili chasemaje? Kina akili, busara, hekima, werevu, ujanja, maarifa, utambuzi. Mjanja ana akili, lakini hatumwiti mwenye hekima. Tena Kiswahili chasema haraka haraka haina baraka, na papo hapo chasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lugha haijakata shauri, na hiyo ni hekima yake.

Sasa tumtazame mtoto wa Kisoga aliyeulizwa swali la Kiswahili darasani. Ananyamaza. Nyumbani amefunzwa kwamba mwenye amagezi hupima neno kabla ya kulitoa, hasa mbele ya mkubwa. Mwalimu anahesabu sekunde tatu, anamrukia mwingine, na mwisho wa muhula anaandika: mzito. Mtoto huyo ametenda kwa mujibu wa saikolojia moja, akahukumiwa kwa nyingine, wala hakuna aliyemwambia kwamba sheria zimebadilika. Hapa ndipo penye madhara, na madhara haya hayarekebishwi kwa kukariri mwaka wa Wundt.

Lirima: elimu ya nafsi isiyo na kijitabu

Tumalizie ziara yetu Mbale. Wagisu huwatahiri vijana wao katika imbalu, sherehe inayofanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana mwenyewe ndiye anayetangaza kwamba anataka. Hucheza na kuzuru jamaa kwa muda mrefu. Kisha husimama mbele ya watu wote bila kupepesa jicho. Suzette Heald, mwanaanthropolojia Mwingereza, alichunguza jambo hili, na katika makala yake ya mwaka 1982 alidai kwamba haiwezekani kuifahamu imbalu bila kuifahamu saikolojia ya Wagisu wenyewe. Kiini chake ni neno lirima.

Ni rahisi kuisoma sherehe hiyo kwa miwani ya Freud na kuona humo baba, mwana na kisu. Ni rahisi pia kwa miwani ya Watson: woga umezimwa kwa mazoezi. Wagisu wasema jambo jingine. Lirima ni nguvu inayompanda mwanamume na kumkamata. Bila hiyo hakuna ujasiri wa kusimama. Nayo hiyo hiyo ndiyo hatari ya ugomvi na mauaji. Kijana huiamsha kwa hiari yake, ndani yake, na kuanzia hapo mzigo wa kuitawala ni wake. Kitabu cha Heald cha mwaka 1989 kilishughulikia mzigo huo. Hapa pana nadharia kamili: hisia, nia, na kujitawala vimefungwa katika neno moja.

Je, tulitafsirije kwa Kiswahili? Hasira haitoshi, maana hasira ni hasara tupu. Hamaki ni ya ghafla mno. Ushujaa hauna ubaya ndani yake. Lililo karibu ni mori, kwa kuwa husemwa mtu amepandwa na mori. Lakini mori huja na kwenda. Si alama ya utu uzima. Basi mwalimu anayemwambia kijana wa Kigisu aache hasira huenda anamwambia, kwa masikio ya kijana yule, aache kuwa mtu mzima. Afadhali azungumze juu ya kuitawala, kwa sababu hapo wazee wa kijana wako upande wake.

Hitimisho na mapendekezo

Madhehebu ya saikolojia hayakufuatana kama wafalme, mmoja akifa mwingine akitawazwa. Yanaishi pamoja darasani siku hiyo hiyo: Skinner katika mazoezi, Chomsky katika makosa, Piaget katika hatua, Vygotsky katika makundi, Ainsworth katika mtoto aliaye asubuhi ya kwanza ya shule. Wajibu wa mwalimu ni kuuliza kila mmoja wao: umewaona nani, umewauliza kwa lugha gani, na umetandaza hadi wapi?

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, vijitabu vya ualimu viwe na sura juu ya utafiti uliofanyika Afrika Mashariki, ukiwamo ule wa kuaibisha. Pili, kabla ya kuandika juu ya mtoto neno mzito, mwalimu amwongezee muda wa kujibu, na ampe nafasi ya kujibu akiwa na mwenzake. Tatu, walimu wa Kiswahili waanze kukusanya maneno ya nafsi katika Kisoga, Kigisu, Kiteso na lugha nyingine za huku, wakiyalinganisha na ya Kiswahili. Faida ya kazi hiyo si ya maneno tu. Utafiti wa tiba ya huzuni uliotolewa mwaka 2003, uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulianza kwa kuwauliza watu wanaiitaje hali hiyo. Wakataja, kwa Kiganda, kujichukia na kujihurumia nafsi. Tiba ya mazungumzo ya vikundi ikajengwa juu ya maneno hayo, na waliohudhuria wakapata nafuu kuliko wasiohudhuria.

Tunawakaribisha wenzetu wa Jinja, Iganga, Tororo, Soroti na Mbale wapeleke orodha zao katika kurasa hizi, kila neno na mfano wa sentensi ambamo limesikika. Neno amagezi na neno lirima tumekwisha kuyaanza. Yaliyobaki ni mengi.